Barua ya wazi kwa wakuu wa michezo. Yah: Mechi 60

Kwa Waziri mwenye dhamana ya michezo,
Kwa Baraza la Michezo la Taifa,
Kwa wakubwa wa elimu na TAMISEMI,
Na kwa viongozi wa chama chetu cha sataranji,

Ndugu viongozi,

Kwa taratibu za ofisi zetu nilipaswa kuanza na "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Mwaka jana nilianza hivyo mara nne, barua nne, na zote ziligongwa muhuri wa kupokelewa. Aliyehusika sikumwona. Safari hii naandika hadharani, maana barua inayosomwa na wengi ni vigumu kupotelea kwenye faili.

Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Mbagala. Kila Jumamosi nafungua darasa moja, watoto wanaingia, tunacheza sataranji, au chesi kama wanavyoiita wenyewe. Mbao zetu nilizichapisha Kariakoo kwenye fleksi, ileile ya mabango ya harusi na ya wagombea. Ukizikunja zinaingia kwenye ndoo. Kete ni za plastiki, na zilizopotea tumeziba kwa vizibo vya soda. Saa ya mchezo ni simu yangu. Watoto ni thelathini na kitu. Mkubwa ana miaka 16, mdogo ana 7 na bado anamwita farasi punda.

Sikuandika kuomba mbao wala saa. Naomba mechi.

Najua mkisikia hivyo mtasema mechi zipo. Kweli, kila mwaka kuna bonanza: asubuhi moja, fulana zenye nembo ya mdhamini, mgeni rasmi anasogeza askari hatua mbili mbele wapiga picha wakiwa tayari, watoto wanacheza raundi saba za dakika 10 kila mmoja, mchana pilau, jioni medali. Wanangu wanalipenda bonanza, na mimi napenda pilau. Lakini hakuna hata mechi moja kati ya hizo inayomsogeza mtoto kuelekea kwa watoto wa Chennai kule India au Tashkent kule Uzbekistan, na hili ndilo nataka kulieleza taratibu, kwa sababu nadhani wengi wenu hamjawahi kuelezwa.

Mechi inayohesabiwa kwa vyeo vya dunia ni ndefu. Kwa kawaida kila mchezaji anapewa saa moja na nusu, na sekunde 30 zinaongezwa kila anaposogeza kete. Mchezo mmoja unaweza kula saa nne. Mtoto anaandika kila hatua kwenye karatasi, yake na ya mpinzani. Hawezi kunyanyua mkono na kurudisha kete, hawezi kuongea, hawezi kumtazama mwalimu. Saa ya tatu anakuwa amechoka, ana njaa, kete zimebaki chache, na hapo ndipo sataranji yenyewe inapoanza: ngome na askari mmoja dhidi ya ngome tupu. Ukiujua mpango, unaweza kushinda. Usipoujua, saa tatu za kazi zinaishia sare. Katika mechi ya dakika 10 mtoto hafiki huko, na akifika anafika akiwa na sekunde nne, anapigapiga kete kama anaua mbu.

Nina binti wa miaka 13 ambaye kwenye mechi za haraka ananishinda mimi mwalimu wake, na ninyi nyote mkikaa. Mwaka jana mzima alicheza mechi 11 zinazohesabiwa. Kumi na moja! Nilimpeleka kwenye mashindano ya siku tano, raundi ya kwanza akakutana na kijana wa kawaida tu, akampata vizuri, akawa na kete moja zaidi, halafu akaanza kucheza mbio kwa mazoea akiwa na saa nzima mkononi. Alipoteza. Nikamuuliza mbona hukukaa ukafikiri. Akaniambia, "Mwalimu, sikujua naruhusiwa kukaa muda wote ule."

Jibu hilo lilinikosesha usingizi kuliko kile kipigo.

Sasa niingie kwenye hesabu, mnisamehe, ndiyo kazi yangu. FIDE, yaani Shirikisho la Sataranji Duniani, humpa kila mchezaji pointi za kiwango, vijana wanaziita reitingi. Mtoto asipocheza walau mechi 5 na watu wenye kiwango, haonekani kwenye orodha kabisa. Kwa dunia hajazaliwa. Akishaingia, akimshinda aliye sawa naye anapata pointi 20 hivi kama yuko chini ya miaka 18, akipoteza zinaondoka. Akimshinda aliye juu yake anapata zaidi. Akimshinda wa chini sana anaokota makombo.

Fikirieni upatu. Akina mama kumi wa mtaa mmoja wanachangiana kila wiki, leo anapokea huyu, kesho yule. Ni kitu kizuri, kinajenga vyumba na kulipa ada. Lakini hela ni zilezile. Mwaka ukiisha hakuna aliyetajirika, mpaka mmoja wao auze kitu nje ya kikundi. Sataranji yetu ni upatu. Watoto hodari wa Dar es Salaam wanapigana wao kwa wao, pointi zinatoka mfuko huu zinaingia mfuko ule, wote wanakuwa wazuri zaidi kila mwezi na kiwango kinabaki palepale. Siku mtoto wa 1500 anapokwenda nje anamshtua mtu wa 1900, na watu wanasema bahati. Hakuna bahati hapo. Alikuwa 1900 tangu zamani, ila hakuwa na wa kumthibitishia.

Na ngazi ya juu ndiyo ngumu zaidi. Ili mtu awe Grandmasta, cheo cha juu kabisa cha mchezo huu, anahitaji kufikisha 2500 na kupata nomu tatu. Nomu ni mashindano ya raundi zisizopungua 9 ambamo umecheza kwa kiwango cha 2600, na miongoni mwa wapinzani wako wamo Magrandmasta wasiopungua watatu, tena wapinzani wachanganyike mataifa. Tanzania haina Grandmasta. Kenya haina, Uganda haina, Rwanda na Burundi hazina. Kwa hiyo hata Mungu akituletea mtoto mwenye kichwa cha ajabu, akazaliwa Temeke kesho asubuhi, hawezi kupata nomu hiyo akicheza na sisi majirani peke yetu, hata atushinde sote mpaka azeeke. Kanuni haimruhusu. Lazima aende waliko, au waletwe aliko.

Kuna ambao wataniambia sataranji si mchezo wetu. Babu yangu alikuwa mcheza bao wa Pangani. Kabla hajagusa kete aliweza kukutajia shimo ambalo mtaji wake utalala, akiwa ameuzungusha kichwani mara mbili tatu, huku anakunywa kahawa na kumsimanga mpinzani. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Sataranji ina kete 32 na vyumba 64. Mimi hucheka nikifikiria hivyo, kana kwamba mmoja alijitazama kwenye kioo cha mwenzake. Watoto wa watu waliokuwa wakihesabu namna ile barazani hawawezi kuwa wamekosa kichwa. Neno lenyewe sataranji limefika pwani na Waarabu, nao walilitoa Uajemi, na Waajemi wakalitoa India. Kila mtu aliupokea mchezo huu kutoka kwa mwingine.

Tena njia inajulikana, majirani wamepita. Reli ya TAZARA inaanzia hapa kwetu na kuishia Kapiri Mposhi, Zambia, nchi ya Amon Simutowe. Mwaka 2000, mjini Yerevan, Armenia, Simutowe alikuwa wa pili katika ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20. Wa pili duniani! Nomu yake ya mwisho aliipata Arnhem, Uholanzi, mwaka 2007, na cheo kikakamilika 2009 alipofikisha 2500, Grandmasta wa kwanza kutoka kusini mwa Sahara. Hesabuni: miaka 9 kutoka nafasi ya pili ya dunia mpaka cheo, na hapo katikati alikuwa amepata ufadhili wa sataranji wa kusoma chuo Texas. Kenny Solomon, aliyekulia Mitchells Plain kule Cape Town, alipitia mlango mwingine: Desemba 2014 alishinda ubingwa wa Afrika mjini Windhoek, na ushindi huo ukampa cheo mojakwamoja. Ahmed Adly wa Misri alikwenda Yerevan hiyohiyo mwaka 2007 akarudi na ubingwa wa dunia wa vijana.

Na Kampala? Hadithi ya Phiona Mutesi, binti mcheza sataranji wa mtaa wa Katwe, mnaijua. Dunia iliipenda kwa sababu ya umaskini wake. Mimi nikiitazama naona vitu viwili: mtu mzima mmoja, Robert Katende, mwalimu wake, aliyefika bila kukosa, na uji. Watoto walikuja kwa ajili ya uji wakabaki kwa ajili ya ubao. Na sisi Jumamosi tuna uji. Mama mmoja muuza vitumbua hapo getini ndiye anayeupika, sukari nanunua mimi. Lakini uji na moyo vinakufikisha mahali, halafu kunatakiwa mechi. Waganda wamelielewa hilo mapema kuliko sisi, ndiyo maana wana Elijah Emojong na Arthur Ssegwanyi, watu wenye cheo cha Intanasheno Masta, ngazi moja chini ya Grandmasta, ambao kijana wa Kampala anaweza kuketi mbele yao mashindano ya nyumbani na kupigwa vizuri, apande na somo.

Wahindi sitawasemea sana, wamesemwa na kila mtu. Ila nitaje jambo moja kuhusu Gukesh, aliyekuwa bingwa wa dunia Desemba 2024 akiwa na miaka 18. Baba yake ni daktari wa masikio, pua na koo. Aliacha kazi yake ili azunguke dunia na mtoto akitafuta mechi, mama akabeba nyumba kwa mshahara wake, na marafiki wakachangia. Yaani hata India, yenye Magrandmasta zaidi ya 80, mzazi daktari alilazimika kuacha kazi. Mnategemea nini kwa baba wa Mbagala anayeendesha bodaboda ya mkataba? Uzbekistan waliliona, serikali ikaweka mkono, na mwaka 2022 timu yao ya vijana, wengi hawajafika miaka 21, ikachukua dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji kulekule Chennai.

Hapa kwetu tuna mfano wetu tena wa karibuni. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia. Yeye na Mjerumani walipewa muda mmoja, saa 2:09:48, picha ndiyo ikaamua. Nchi nzima ilipiga kelele. Lakini Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ, kuna mahali palipomshika, akala, akalala, akakimbia mbio za maana mwaka hadi mwaka. Shaba yake ya London ilikuwa 2017. Hakuna bonanza lililomfikisha pale.

Basi ombi langu. Kwa watoto 40 wa nchi nzima, wasichana 20 na wavulana 20, waliochaguliwa kwa mashindano ya wazi, kila mmoja acheze mechi 60 zinazohesabiwa kwa mwaka. Nimekaa na kalenda ya shule nikaipanga. Likizo ziko nne, mbili ndefu na mbili fupi: kila likizo mashindano ya raundi 9, hizo ni 36. Halafu wikiendi 6 katika mwaka, raundi mbili Jumamosi na mbili Jumapili, hizo 24. Jumla 60. Hakuna siku ya shule inayopotea. Ukumbi ni bwalo la shule yoyote ya bweni wanafunzi wakiwa likizo, na malazi ni mabweni yaleyale. Mpishi yupo. Kinachotakiwa ni mwamuzi anayetambulika na FIDE, ada ya kusajili mechi ambayo ni ndogo, saa za mchezo, na nauli za mabasi. Mnajenga viwanja vya AFCON 2027, na vizuri mjenge. Sisi hatuhitaji nyasi.

Katika hayo mashindano manne ya likizo, mawili yawe na wageni. Waiteni Waganda, Wakenya, Wazambia. Mmoja au wawili wenye vyeo wakija, wakalazwa mahali pa heshima na kupewa posho, watoto 40 wanapata walichokuwa hawana: pointi kutoka nje ya upatu. Na mwaka unaofuata watoto wetu kumi wapande basi la Nairobi au Kampala. Nauli ya ndege ya mtu mmoja kwenda Ulaya inapakia watoto kadhaa kwenye basi, kwenda na kurudi, na chipsi njiani.

Siku tutakapokuwa na vijana wawili au watatu wa 2300, ndipo tutaongea habari ya kuandaa mashindano ya nomu hapa Dar: watu 10, kila mmoja anakutana na kila mwenzake, raundi 9, nusu wageni. Mambo ya aina hiyo ndiyo aliyoyafuata Simutowe Arnhem. Nayasema sasa ili msije mkaniambia nilificha gharama.

Kuna jingine linaloniuma, na hapa nitakuwa mwangalifu wa maneno. Mashindano ya dunia ya watoto na vijana yana makundi sita ya umri, chini ya miaka 8 mpaka chini ya 18, wavulana na wasichana. Kila nchi ina haki ya mchezaji mmoja mwalikwa kila kundi, na mwalikwa hupewa chumba na chakula na mwandaaji. Ni nafasi 12 kila mwaka, vitanda 12 vinavyotandikwa kwa jina la Tanzania. Nauli, viza na ada ndivyo vyetu. Miaka michache iliyopita mtoto wangu mmoja wa miaka 11 alipata nafasi. Tulichangishana kama harusi, kikao, kadi, mweka hazina, na mjomba mmoja aliyeahidi laki mbili akazima simu. Nauli ilitimia. Ikabaki barua moja kutoka ofisi moja ambayo siitaji, aliyekuwapo anajijua. Barua ilitoka Jumatatu. Mashindano yalikuwa yameanza Jumamosi iliyotangulia. Ilikuwa barua nzuri sana, ina nembo, inamtakia kijana kila la heri. Ipo nyumbani kwao ukutani, mama yake ameiwekea fremu, kwa sababu hajui kusoma tarehe za namna hiyo na mimi sijapata ujasiri wa kumweleza.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa chama: tangazeni Januari nani anachaguliwa kwa kigezo kipi, na nafasi zile 12 zibandikwe wazi, kila mzazi aone. Na nawaomba wenye mihuri: safari ya mtoto ipewe siku za mwisho za kujibiwa, ofisi ikikaa kimya ihesabiwe imekubali.

Kwa wakubwa wa elimu nina dogo. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zinabeba watoto maelfu kila mwaka. Iingizeni sataranji, lakini iingie na mechi ndefu walau za kuandikwa, isiwe mchezo wa kujazia ratiba mvua ikinyesha. Na mwalimu anayeisimamia ahesabiwe kazi. Mimi Jumamosi sidai posho, ila mwenzangu wa shule ya jirani aliacha kwa sababu mwalimu mkuu alimwambia anafundisha kamari.

Hilo la kamari lipo. Wazazi wameona drafti za vijiweni zenye hela chini ya ubao, wakiona vyumba vyeusi na vyeupe wanashtuka. Mama wa yule binti wa miaka 13 alinijia hapa na kanga yake begani, akasimama mlangoni dakika nzima kabla ya kuongea. "Mwalimu, shikamoo. Nimekuja kuona huo mchezo unaomfanya mwanangu aongee peke yake usiku." Nilimketisha mbele ya bintiye. Binti akamfundisha jinsi ngome inavyokwenda, moja kwa moja, haipindi. Mama akasema, "Kama baba yako." Tukacheka. Siku hizi mama huyo analeta na mdogo wa binti. Lakini mwakani binti atakuwa kidato cha pili, na hapo ndipo huwa nawapoteza wasichana: kazi za nyumbani zinaongezeka, ndugu wanauliza chesi inalipa nini, na mimi sina karatasi ya kuwaonyesha. Kiwango cha FIDE chenye jina lake kingekuwa karatasi. Simutowe alisomeshwa na sataranji, Phiona naye aliipata nafasi ya chuo Marekani kwa njia hiyohiyo. Mzazi anaelewa ada kuliko anavyoelewa medali.

Simu? Najua mtasema watoto wacheze mtandaoni, ni bure. Wanacheza, bando likiwepo. Inawasaidia kwa mafumbo na kwa macho. Ila pointi za mtandaoni hazihesabiki huko tunakotaka kwenda, na simu inafundisha mkono kuutangulia moyo. Nusu ya kazi yangu ya Jumamosi ni kuwafanya wakalie mikono yao.

Likizo ya Juni bwalo la shule yetu litakuwa wazi, mwalimu mkuu amekubali kwa maandishi na nakala ninayo. Fleksi ninazo 24, zinatosha watoto 48. Saa za mchezo ninazo mbili za kuazima, zinahitajika 20. Mwamuzi nimempata, anadai nauli tu. Raundi ya kwanza itaanza saa 3 asubuhi. Mkija, mvue viatu mlangoni, sakafu watoto watakuwa wameipiga deki wenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Na mgeni rasmi akitaka kusogeza askari, asogeze, ila akae mpaka saa 7 mechi zikiisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa hisabati,
Mbagala, Dar es Salaam